Nchi ya Turkana na Ramani Zake: Kutoka Lodwar Hadi Kakuma

Msafiri ashukaye kutoka Kitale na Kapenguria kwenda Lodwar huiacha nchi ya mahindi kwa ghafula. Milima ikiisha, barabara huingia katika bonde lenye joto kali, ikapita Kainuk na Lokichar, na tangu hapo macho hayaoni tena shamba lililozungushiwa ua wala nyumba ya bati yenye bustani. Huona changarawe, miiba, vichuguu virefu kama minara, na kwa mbali kundi la mbuzi likiongozwa na mtoto. Msafiri huyo, hasa akiwa mkulima wa Trans Nzoia au karani aliyezoea viwanja vya Nakuru, husema neno lile lile ambalo wageni wamelisema kwa zaidi ya miaka mia moja, kwamba nchi hii ni tupu. Neno hilo limewagharimu Waturkana mengi, na hata leo lingali likifanya kazi katika ofisi ambamo ramani huchorwa.

Mji wa Lodwar umekaa kando ya mto Turkwel, katikati ya vilima vya mawe meusi. Mvua inyeshayo hapo kwa mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, yaani chini ya ile ambayo wilaya za milimani huweza kuipata katika mwezi mmoja mzuri wa masika. Hata hivyo mji umekua. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 wakazi wake walizidi 80,000, na tangu serikali ya kaunti ilipoanza kazi mwaka 2013, majengo ya ofisi, maduka na nyumba za kupanga yamesogea mpaka kwenye vilima. Mwaka mmoja kabla ya hapo mafuta yalikuwa yamegunduliwa upande wa Lokichar, na habari hiyo iliwaleta watu wengi wenye kutafuta viwanja.

Wakenya wengi hulijua jina la Lodwar kwa sababu ya Mzee Jomo Kenyatta, aliyewekwa hapo tangu mwaka 1959 hadi 1961 baada ya kutolewa Lokitaung. Nyumba aliyokaa ingaliko. Serikali ya siku hizo ilimpeleka huko kwa kuwa Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambayo mtu wa nje hakuweza kuiingia bila kibali. Lakini kufungwa huko kuliwafunga wenyeji pia. Wakati ambapo mashamba ya Nyeri na Kiambu yalikuwa yakikusanywa, yakipimwa na kuandikwa vitabuni kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, nchi ya Turkana haikuingia katika vitabu hivyo. Na jambo lisiloandikwa, machoni pa karani, ni kana kwamba halipo. Sisi tuliosoma shule tuna kosa hili kuliko watu wengine wote.

Anayetaka kuujua ukweli wa nchi hii na apande kilima kimojawapo cha Lodwar asubuhi, kabla jua halijawa kali, autazame mto. Pande zote mbili za Turkwel huonekana ukanda wa kijani, nao ni migunga mikubwa, mikoma na miswaki, ukipinda pamoja na maji mpaka upotee machoni upande wa ziwa. Mgeni husema, "Huu ni msitu wa Mungu." Kumbe sivyo. Kila kipande cha ukanda huo kina wenyewe, na kipande hicho huitwa ekwar.

Ekwar ni haki ya nyumba moja juu ya miti ya ukingo wa mto. Haina ua wala jiwe la mpaka. Mpaka wake ni mti fulani, au pindo la mto, au mahali ambapo kijito cha mchanga huingia katika mto mkubwa, na majirani wote huujua. Mti unaothaminiwa sana ni mgunga ambao Waturkana huuita ewoi. Majira ya kiangazi, majani yakiisha bondeni, mti huu huangusha maganda yenye mbegu, nayo ndiyo chakula cha mbuzi katika miezi ambayo hakuna kingine. Wanawake huyatikisa matawi kwa mti mrefu wenye kulabu, huyakusanya maganda, na mengine huyaweka akiba. Wenye ekwar ndio wenye haki ya maganda hayo, na mtu mwingine akiyataka huomba. Matawi nayo hayakatwi ovyo, na mti wenyewe hauangushwi bila neno la wazee. Kutoka kwenye mkoma hupatikana tunda la kutafuna, na majani ya kusuka mikeka na vikapu ambavyo huuzwa sokoni Lodwar.

Haki hii hurithiwa. Mwenyewe akihama na mifugo kwa majira mawili au matatu, ekwar hubaki kuwa yake. Akiitupa kwa miaka mingi bila kuitunza, madai yake hudhoofika. Mtaalamu mmoja wa misitu, Edmund Barrow, aliyefanya kazi Turkana, aliyaandika mambo haya mwaka 1990, na tangu hapo hakuna ofisi iwezayo kusema kwamba haikuambiwa. Mkulima wa Meru mwenye miti yake ya kahawa angeuelewa utaratibu huu mara moja, ila angeshangaa kwamba mpita njia huruhusiwa kulala kivulini, na kwamba maji ya mto hayana mwenyewe.

Hapo ndipo penye ugumu. Mpimaji akifika na kitabu chake akauliza, "Mzee, mwenye mahali hapa ni nani?" huenda akajibiwa hivi: "Mwanangu, maji ni ya kila mwenye kiu, na kivuli ni cha apitaye. Maganda ya mti huu ni ya nyumba ya baba yangu. Na ng'ambo ile, watu wa Ngamia wakija na kiu hatuwezi kuwazuia." Jibu hilo ni kamili na sahihi, lakini fomu ina nafasi ya jina moja tu.

Yafaa kueleza kidogo jinsi ramani ya mji inavyotengenezwa, kwa maana wasomaji wengi wameiona ikiwa imebandikwa ukutani wasijue inasema nini. Wapangaji wa miji wa Kenya huigawa ardhi kwa matumizi, na kila matumizi huwa na namba na rangi yake. Nyumba za kukaa hupakwa rangi ya udongo, viwanda zambarau, shule rangi ya chungwa, na biashara nyekundu. Namba 3 ni viwanja vya kupumzikia, navyo ni kijani. Namba 4 ni mahali pa shughuli za umma, kama ofisi, zahanati, makanisa na misikiti, napo ni manjano. Namba 9 ni kilimo. Kisha ipo namba 8, ambayo ni ardhi iliyoahirishwa, yaani ambayo haijaamuliwa itafanya kazi gani. Katika miji ya milimani namba 8 huwa ni kipande kidogo pembeni. Turkana, ukitumia mtindo huo bila kufikiri, nchi karibu yote yaweza kuwa namba 8, kwa sababu malisho hayana namba yake. Mwenye kulima nyanya ekari moja kwa maji ya mfereji ataonekana katika ramani, na mwenye mbuzi 200 wanaotembea maili thelathini hataonekana.

Ukingo wa Turkwel ndio unaoonyesha vizuri zaidi jinsi mistari inavyoweza kupita juu ya mistari. Kwanza, Katiba ya mwaka 2010 imeihesabu mito kuwa ardhi ya umma. Pili, kanuni za maji za mwaka 2007 zilitenga ukingo wa mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kwa kufuata upana wa mto, ili usilimwe wala kujengwa. Tatu, mashamba ya umwagiliaji yameenea kandokando ya mto huu tangu mradi wa Katilu, na hasa baada ya bwawa la Turkwel kumalizika mwaka 1991. Nne, mathenge, mti ambao Waturkana huuita etirae, ulioletwa na miradi ya miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, umejipandia mwenyewe bila kuuliza idara yoyote, na umefunga njia nyingi za kwenda majini. Chini ya hayo yote imelala ekwar, ambayo huenda mbali kuliko hizo mita 30, na ambayo ni ya zamani kuliko yote. Mpangaji akiupaka ukanda huo kijani na kuandika "uwanja wa wazi", hajasema uongo kamili. Lakini uwanja wa wazi wa mji ni mahali pa watu wote, na mahali pa watu wote mjini ndipo mtu wa kwanza mwenye shoka hukata mkaa.

Haitakuwa haki kusema kwamba sheria imewasahau wafugaji. Zamani nchi hii ilikuwa ardhi ya amana chini ya baraza la wilaya la Turkana, na baraza lilikuwa na uwezo wa kutenga sehemu yake kwa kazi nyingine baada ya kufuata taratibu zilizowekwa. Hatari ya utaratibu huo ilionekana ng'ambo ya ziwa, katika kaunti ya Marsabit, ambako ekari 150,000 zilitolewa kwa mradi wa umeme wa upepo. Mwaka 2021 mahakama ya ardhi ya Meru iliamua kwamba hati zake hazikupatikana kwa njia iliyo sawa. Katiba ya 2010 iliifuta amana ya namna ile, ikaigawa ardhi ya Kenya katika mafungu matatu, la umma, la jamii na la binafsi. Malisho ya Turkana yamo katika fungu la jamii. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Kwa sheria hiyo, jamii ikijiandikisha huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, nayo yaweza yenyewe kuitenga ardhi yake: hapa kilimo, hapa makazi, hapa njia za kupita, hapa mahali pa ibada na mila, hapa mji. Kwa maneno mengine, kazi ya kupaka rangi imewekwa mikononi mwa wenyewe.

Na kabla jamii haijaandikishwa? Sheria inasema serikali ya kaunti huishika ardhi kwa niaba yao, wala hairuhusiwi kuiuza au kuigeuza kuwa ya mtu binafsi. Fidia ikitolewa, fedha huwekwa katika akiba maalumu yenye faida mpaka wenyewe waandikishwe. Ni kinga nzuri kwenye karatasi. Lakini kinga isiyo na ramani ina tundu, kwa kuwa ni vigumu kuthibitisha kwamba umenyang'anywa njia ambayo haikuchorwa popote.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni maili 75 hivi kwa barabara kuu iendayo Lokichoggio. Lami imeifupisha safari hiyo sana. Zamani gari liliweza kulala siku nzima kwenye mchanga wa laga likingoja maji yapungue, na hata sasa mvua ikinyesha dereva mwenye akili hayachezei maji hayo. Njiani hakuna mengi ya kusimulia ila joto. Hata hivyo mwenye kutazama ataona kwamba mifugo haivuki barabara popote tu. Huvuka mahali pale pale, siku hadi siku, maana njia za mifugo hufuata visima na malisho kama vile reli ifuatavyo stesheni. Nyumba kadhaa zihamapo pamoja huitwa adakar, na huyo atanguliaye kwenda kutazama majani hurudi na habari kabla mtu yeyote hajang'oa boma. Watu wanaoita jambo hilo kutangatanga hawajawahi kulipanga.

Kakuma ilikuwa kituo kidogo kando ya laga ya Tarach mpaka mwaka 1992, walipofika vijana wa Sudan waliokimbia vita, na kambi ikafunguliwa. Leo kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu wapatao 300,000, Wasudani wa Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo. Soko lake ni kubwa kuliko masoko ya miji mingi ya Kenya. Mwanamke wa Kiturkana huingia asubuhi na kuni au gunia la makaa kichwani, akarudi jioni na unga. Biashara hiyo imelisha nyumba nyingi, nayo imeimaliza miti karibu yote ya karibu, na hapo tena mtu hujiuliza ni ekwar ya nani iliyotoka gunia kwa gunia. Tarach nayo haikusahau njia yake. Imewahi kufurika na kubomoa nyumba zilizojengwa mahali ambapo mwenyeji yeyote angesema pasijengwe, kama angeulizwa.

Kalobeyei ilianza kwa namna nyingine, na kwa sababu hiyo yafaa kuangaliwa kwa makini. Mwaka 2015 jamii ya mahali hapo ilikubali kutoa hekta 1,500, yaani ekari 3,700 hivi, ili wajengewe wakimbizi makazi ambamo shule, zahanati na maji vingetumiwa na wenyeji na wageni pamoja. Ilikadiriwa kuwa watakaa hapo watu 60,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lilisaidia kuchora mpango, na makazi yakagawanywa katika vijiji vitatu, vyenye viwanja vya nyumba, bustani ndogo za mboga, masoko, na nafasi zilizoachwa wazi. Wazee walikutana na kukubali, nalo ni jambo la heshima, kwa maana mwaka 1992 hapakuwa na nafasi ya mkutano kama huo, watu walikuwa wakifika kwa miguu.

Ila makubaliano yana maneno ambayo kila upande huyasikia kwa sikio lake. Afisa aliposikia "kutoa ardhi" alifikiri juu ya mpaka wa mraba. Mfugaji alifikiri juu ya kumkaribisha mgeni kwenye malisho yake, jambo ambalo Mturkana hulifanya kila mwaka wa ukame, na ambalo halimwondolei yeye haki ya kupita. Kwa hiyo neno lililo gumu Kalobeyei si hesabu ya hekta. Ni nafasi zile nyeupe zilizo kati ya kijiji na kijiji. Je, ni uwanja wa wazi unaongoja shule na viwanda, au ni njia ya mifugo kutoka upande wa vilima vya Pelekech kwenda kwenye visima? Katika karatasi mambo hayo mawili yana rangi moja.

Jambo hili lina haraka sasa kuliko zamani. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 iliwafungulia wakimbizi njia ya kufanya kazi na kushirikiana na wenyeji, na mwaka 2025 Kakuma ilipewa hadhi ya manispaa. Manispaa ni neema: huleta taa, mifereji, na mtu wa kushitakiwa takataka zisipozolewa. Lakini manispaa huja na mpaka wake, na ndani ya mpaka huo, kwa desturi ya sheria ndogo za miji, mbuzi asiye na kamba ni mhalifu. Mstari ukichorwa mbali na mji kwa kutazamia miaka ijayo, adakar iliyokuwa malishoni kwake jana itaamka iko mjini, bila kuhama hata hatua moja.

Dawa ya sheria ipo. Mpango wa matumizi ya ardhi, kwa Sheria ya Mipango ya mwaka 2019, hauwezi kuthibitishwa mpaka utangazwe, na mtu yeyote anaweza kupeleka pingamizi kwa maandishi katika siku zilizotajwa. Asiporidhika, iko kamati ya rufani ya kaunti, na baada yake mahakama ya ardhi. Tabu ni kwamba tangazo hutoka katika Gazeti la Serikali na katika magazeti ya mji, na malishoni hayo hayafiki. Vivyo hivyo kwa mkutano wa jamii. Sheria ya 2016 inataka makubaliano na mwekezaji yapitishwe na theluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano uliohudhuriwa na theluthi mbili. Ni kifungu kizuri, kilichowekwa ili watu wachache wasiuze nchi ya wengi. Lakini mkutano ukiitwa wakati wa kiangazi, wakati vijana wako na ng'ombe kuelekea mpaka wa Uganda, theluthi mbili haipatikani, na anayetaka kuvunja sheria hupata kisingizio cha kusema kwamba wenyeji waliitwa wakakataa kuja. Karani aliye na busara huitisha mkutano baada ya mvua, mifugo ikiwa karibu na maziwa yakiwa mengi, na huuitisha chini ya mti ambao wazee hukaa siku zote, si katika ukumbi wa hoteli. Hilo haliongezi gharama hata senti moja.

Tena huenda na karatasi mbili. Moja ni ramani iliyotoka ofisini. Nyingine ni karatasi nyeupe, ambayo juu yake wazee na wanawake huonyesha, kwa kijiti na kwa mabishano mengi, visima, ekwar, njia za kuvukia, makaburi, na mahali ambapo maji ya Tarach hufika mwaka wa mafuriko. Wanawake wasiachwe nje, kwa sababu ndio wayakusanyao maganda na ndio wachotao maji, na mara nyingi wao ndio wajuao mti gani umekauka. Karatasi hizo mbili zikiwekwa moja juu ya nyingine, ndipo namba 8 huanza kupungua.

Jioni Kakuma, jua likielekea Pelekech, vumbi huinuka upande wa Tarach. Ni mbuzi wanaorudi kutoka visima vilivyochimbwa mchangani. Hupita kati ya maduka ya mabati, wakikwepa pikipiki na mikokoteni ya maji, katika uchochoro ambao mwenye duka la kulia na mwenye duka la kushoto wote wameuacha bila kuambiwa na mtu, kwa kuwa waliwakuta mbuzi wakipita hapo walipokuja. Mtoto afuataye nyuma ana fimbo mkononi. Ukutani, karibu na mlango wa duka mojawapo, mtu amekwisha kuandika namba ya kiwanja kwa rangi nyekundu.